Kukaa Mbali Bila Kutupana: Somo la Upweke na Afya ya Akili Wakati wa Janga

Ijumaa tarehe 26 Machi 2021, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka katika eneo hilo. Kafyu ilianza saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri. Baa zilifungwa na ibada za ana kwa ana zikasimamishwa. Pasaka ya tarehe 4 Aprili ilipita milango ya makanisa ikiwa imefungwa, na Ramadhani ilipoanza katikati ya mwezi huo, Waislamu wa Nakuru walisali tarawehe majumbani. Vizuizi hivyo viliondolewa tarehe 1 Mei, baada ya wiki tano.

Wiki tano si muda mrefu kwa kalenda. Lakini kwa mkazi wa Section 58 ambaye wazazi wake wako Ol Kalou, Nyahururu au Eldama Ravine, mpaka wa kaunti ambao hakuwahi kuufikiria uligeuka ukuta. Na hizo hazikuwa wiki za kwanza. Tangu kisa cha kwanza cha korona kitangazwe nchini tarehe 13 Machi 2020, watu walikuwa wameishi mwaka mzima wakijifunza kukaa mbali na wenzao.

Barakoa zimetoka, lakini athari nyingine za kipindi kile bado zimo majumbani. Maradhi ya kuambukiza nayo hayajaisha: kisa cha kwanza cha mpoksi nchini kilitangazwa mwishoni mwa Julai 2024 huko Taita Taveta, na mgonjwa wa mpoksi pia hutakiwa kujitenga hadi apone. Ndiyo maana somo hili linahitajika sasa, wakati kuna utulivu wa kujifunza.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, mkazi ataweza:
1. Kutofautisha kujitenga, kutengwa na upweke.
2. Kueleza jinsi upweke unavyoathiri akili na mwili.
3. Kutambua dalili za mtu anayehitaji msaada.
4. Kupanga pamoja na majirani namna ya kutunzana wakati wa mlipuko wa ugonjwa.

Sehemu ya kwanza: Maneno matatu yanayochanganywa

Kujitenga ni hatua ya afya. Mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza, au aliyekutana na mgonjwa, hukaa mbali na wengine kwa siku zinazojulikana. Wakati wa korona, karantini ilikuwa siku 14, kwa sababu huo ndio muda ambao virusi vingeweza kukaa mwilini kabla ya dalili kuonekana. Kujitenga kuna mwanzo, kuna mwisho, na kuna sababu.

Kutengwa ni jambo ambalo watu humfanyia mtu. Madereva wa malori wa masafa marefu wanalijua vizuri. Barabara kuu inayotoka Mombasa kwenda Uganda hupita katikati ya kaunti hii, na Salgaa ni mojawapo ya vituo vyao vikubwa vya mapumziko. Mwaka 2020 madereva walitakiwa kuwa na cheti cha kuonyesha kwamba hawana virusi. Hata wenye cheti waliogopwa, wakanyimwa chakula na malazi mahali walipozoea kulala. Wauguzi nao waliwahi kuepukwa na majirani kwa sababu tu ya kazi yao. Kutengwa hakuna tarehe ya mwisho, na hakumkingi yeyote. Badala yake humfanya mgonjwa afiche dalili.

Upweke ni hisia ya mtu kwamba uhusiano alio nao na wenzake hautoshi. Hauhesabiwi kwa idadi ya watu waliomo nyumbani. Baba aliyepoteza kazi anaweza kuishi chumba kimoja na watu watano, akawa mpweke kuliko wote kwa sababu hana wa kumweleza yaliyo moyoni. Kinyume chake, mtu anayeishi peke yake anaweza kuwa salama akiwa na watu wanaomjulia hali kila siku.

Tofauti hii ilionekana mapema. Machi 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianza kuhimiza watu waseme umbali wa mwili badala ya umbali wa kijamii. Hoja yake ilikuwa rahisi: virusi huzuiwa na umbali kati ya mwili na mwili. Havizuiwi na mtu kuacha kumpigia simu shangazi yake. Wengi hawakuusikia ujumbe huo, na kwa kukaa mbali wakaishia kutupana.

Sehemu ya pili: Jinsi upweke unavyofanya kazi

Madhara ya upweke hupita njia nne kuu.

Njia ya kwanza ni ratiba kuvunjika. Kazi, shule, sokoni, kanisani na msikitini ndiko siku ya mtu inakopata mpangilio. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi tarehe 4 Januari 2021. Mtu asiye na pa kwenda huchelewa kulala na huchelewa kuamka, na mwanga wa asubuhi humpita. Saa ya ndani ya mwili huvurugika, usingizi huwa mbaya, na usingizi mbaya huzidisha huzuni na hasira.

Njia ya pili ni mawazo kukosa wa kuyapinga. Mtu anayezungumza na wenzake huambiwa mara kwa mara, bila hata kuomba, kwamba hofu yake imezidi. Jirani humcheka kidogo, rafiki humpa habari nyingine. Mtu aliye peke yake hubaki na wazo moja linalozunguka, na kila mzunguko huliongezea uzito.

Njia ya tatu ni mwili kukaa macho muda wote. Hofu huuamsha mwili kujiandaa kwa hatari: moyo huenda mbio, misuli hukaza, na homoni za mfadhaiko huongezeka. Hali hiyo ikidumu kwa dakika chache, humsaidia mtu kukimbia moto. Ikidumu kwa miezi, huongeza shinikizo la damu na hupunguza nguvu za mwili kujikinga na maradhi. Upweke basi ni suala la afya ya mwili pia. Mwaka 2025, tume ya WHO inayoshughulikia uhusiano wa kijamii ilitoa ripoti ikisema mtu 1 kati ya 6 duniani anaathiriwa na upweke.

Njia ya nne ni aibu ya kukosa. Mashamba ya maua ya Naivasha yaliwapeleka nyumbani wafanyakazi wengi mwaka 2020 masoko ya Ulaya yalipofungwa. Walimu wa shule za kibinafsi walikaa miezi bila mshahara. Mwaka huohuo maji ya Ziwa Naivasha yalipanda na kuwahamisha wakazi wa mtaa wa Kihoto. Mtu aliyekuwa akichangia katika chama na harambee, anapokosa hata kodi ya nyumba, huanza kuwakwepa watu. Anazima simu, anapita njia ya nyuma. Wenzake hudhani ana kiburi.

Juu ya njia hizi nne kuna msiba usiozikwa ipasavyo. Mwaka 2020 waombolezaji waliwekewa kikomo cha watu 15. Katika jamii nyingi za Bonde la Ufa, matanga ni zaidi ya kuzika: ni siku za kukaa na wafiwa, kupika, kuimba na kusimulia maisha ya marehemu. Familia nyingi zilimaliza mazishi kwa saa chache na kurudi katika nyumba tupu. Huzuni iliyokosa mahali pa kutolewa haikuondoka. Ilisubiri tu.

Sehemu ya tatu: Ukubwa wa jambo lenyewe

Machi 2022, WHO ilitangaza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, visa vya sonona na wasiwasi uliokithiri viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2021 ulikadiria ongezeko la visa milioni 53 vya sonona na milioni 76 vya wasiwasi kwa mwaka 2020 pekee. Walioathirika zaidi walikuwa wanawake na vijana.

Nchini Kenya, tatizo lilikuwapo kabla ya korona. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliwasilisha ripoti yake Julai 2020, na likapendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwezi huohuo Rais aliagiza uchunguzi kuhusu ongezeko la ukatili wa kijinsia. Kwa baadhi ya wanawake na watoto, agizo la kubaki nyumbani lilimaanisha kufungiwa pamoja na mtu anayewaumiza.

Kuna kundi jingine lililosahaulika kwa urahisi. Maabadi yalipofunguliwa kwa awamu Julai 2020, watoto walio chini ya miaka 13 na watu walio na zaidi ya miaka 58 hawakuruhusiwa kuhudhuria. Sababu ya kiafya ilikuwepo, kwa kuwa wazee ndio waliokuwa hatarini zaidi. Lakini kwa mzee wengi aliyekuwa akitoka nyumbani mara moja kwa wiki, Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake ya kuonana na watu.

Sehemu ya nne: Mfano wa kujifunzia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, ingawa wasomaji wengi watamtambua mtu wa namna hii katika ploti yao.

Mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 67 anaishi peke yake katika orofa ya tatu ya jengo moja Section 58. Bintiye ameolewa Ol Kalou na humtembelea kila mwisho wa mwezi. Kabla ya janga, mwalimu alienda kanisani Jumapili, chama Alhamisi, na jioni alisimama kwa mama mboga kupiga gumzo.

Kanisa linamfungia mlango kwa sababu ya umri. Chama kinahamia kwenye simu, naye hana simu ya kisasa. Machi 2021 kaunti inafungwa na bintiye hawezi kuvuka. Mwanzoni mwalimu anasema ni sawa, ameona mengi. Wiki ya pili pazia la sebuleni halifunguliwi asubuhi. Wiki ya tatu mlinzi wa lango anagundua kwamba maziwa anayomletea hayachukuliwi mlangoni hadi jioni. Akisalimiwa kwenye ngazi, anaitika bila kusimama.

Kijana wa orofa ya pili anapanda, anagonga, kisha anarudi nyuma hatua mbili na barakoa yake usoni.

"Mwalimu, naenda dukani. Nikuletee nini?"

"Sihitaji kitu, mwanangu."

"Haya. Basi kesho saa nne nitapita tena."

Kesho yake anapita saa nne kamili. Siku ya tatu mwalimu anaagiza mkate. Siku ya tano anamwambia hajalala vizuri tangu mwezi uanze, na kwamba kuna usiku anaona hakuna haja ya kuamka. Kijana hamwambii ajikaze. Anamuuliza kwa upole kama amewahi kufikiria kujitoa uhai. Mwalimu anasema hapana, lakini amechoka. Kijana anampigia binti simu mbele yake, na kwa pamoja wanakubaliana aonwe hospitalini wiki hiyo.

Mambo manne yanastahili kuangaliwa katika mfano huu. Dalili hazikuwa machozi, bali pazia na maziwa. Jibu la kwanza, "sihitaji kitu", halikuwa jibu la kweli. Kilichofungua mazungumzo hakikuwa maneno matamu bali kurudi saa iliyoahidiwa. Na kijana hakujifanya daktari: alisikiliza, akauliza, kisha akaunganisha.

Sehemu ya tano: Dalili za kuangalia

Kila mtu huwa na siku mbaya. Dalili zifuatazo zikidumu kwa wiki mbili au zaidi, na kumzuia mtu kufanya shughuli zake za kawaida, ni wakati wa kutafuta msaada:

- Huzuni isiyoondoka, au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda.
- Kulala kupita kiasi au kukosa usingizi.
- Kubadilika kwa hamu ya chakula na uzito.
- Uchovu hata bila kazi, na maumivu ya kichwa au mwili yasiyo na sababu inayoonekana.
- Hasira za ghafla, hasa kwa wanaume na vijana.
- Kuongeza pombe, miraa, sigara au dawa za usingizi.
- Kujiona hana thamani au ni mzigo kwa wengine.
- Kwa watoto: kukojoa kitandani baada ya kuwa wameacha, kung'ang'ania wazazi, au kushuka ghafla katika masomo.

Mtu anayesema anataka kufa, anayegawa vitu vyake au kuaga bila sababu asiachwe peke yake, na apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Kumuuliza moja kwa moja kuhusu kujitoa uhai hakumpandi wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu kwamba kuna aliyeona.

Wengi waliogopa kusema kwa sababu ya sheria. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Aliyefika hapo ni mgonjwa wa kutibiwa.

Sehemu ya sita: Yanayosaidia

Kwa anayejitenga. Aamke na kulala saa zilezile. Afungue dirisha, apate mwanga wa asubuhi na anyooshe viungo hata kama ni chumbani. Achague saa moja ya kusikiliza taarifa za ugonjwa, kisha azime, kwa kuwa habari za vifo zinazofuatiliwa kutwa kucha hulisha hofu bila kuongeza maarifa. Awe na mtu mmoja wa kuzungumza naye kwa sauti kila siku. Ujumbe wa maandishi ni mzuri, lakini sauti hubeba yale ambayo maandishi huficha.

Kwa jirani. Asiseme "ukihitaji kitu niambie", kwa sababu anayehitaji zaidi ndiye asiyesema. Aulize jambo dogo lenye jibu: nikuletee maziwa au mkate? Aseme atarudi lini, na arudi. Akisikia siri, aitunze, isipokuwa maisha yakiwa hatarini.

Kwa familia. Watoto waambiwe ukweli kwa maneno ya umri wao. Aliyepoteza mpendwa wakati wa vizuizi anaweza bado kuandaliwa siku ya kumbukumbu, hata kama miaka imepita. Kukutana, kumtaja marehemu na kula pamoja ni kazi ambayo haikukamilika wakati ule.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji shahada. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina nyanya wa mitaani kusikiliza watu wenye msongo wa mawazo, wakiwa wameketi kwenye mabenchi nje ya zahanati. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliozungumza na akina nyanya hao walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi la namna hiyo linaweza kuwekwa chini ya mti wowote Nakuru.

Sehemu ya saba: Maandalizi ya ploti moja

Mlipuko mwingine ukitokea, mitaa iliyojipanga itaumia kidogo. Wakazi wa jengo au ploti moja, pamoja na mlinzi, wanaweza kufanya haya katika mkutano mmoja wa jioni, kupitia Nyumba Kumi au chama chao:

1. Kuandika, kwa ridhaa ya wahusika, majina ya wanaoishi peke yao, wazee, wagonjwa wa muda mrefu na walemavu, pamoja na nambari ya jamaa mmoja wa kila mmoja.
2. Kugawana milango: kila nyumba iwe na jirani mmoja wa kuijulia hali, kwa simu au kwa kugonga na kusimama mbali.
3. Kukubaliana juu ya ununuzi wa pamoja kwa waliojitenga.
4. Kuahidiana kwamba mgonjwa hatatangazwa kwenye makundi ya simu.
5. Kumjua mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lao, na zahanati iliyo karibu.

Msaada wa kitaalamu nao ni haki. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 inazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hizo. Mkazi anaweza kuanzia katika kituo cha afya kilicho karibu na kuelekezwa kwa mtaalamu. Nambari ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo. Watoto na wazazi hupiga 116, na walio katika ukatili wa kijinsia hupiga 1195.

Maswali ya kujadiliana nyumbani, chamani au barazani

1. Ni nani katika jengo au ploti yenu ambaye hajaonekana wiki hii? Nani atagonga mlango wake?
2. Je, kuna mtu mliyemtenga wakati wa korona ambaye hadi leo hamjasalimiana naye? Mnaweza kuanzia wapi?
3. Ni msiba upi katika familia yenu ulioharakishwa, na mngependa kuukumbuka vipi?
4. Ikiwa wewe ndiwe utakayejitenga kwa siku 14, ni nani ungetaka akupigie simu kila siku? Je, yeye anajua hivyo?